Mkono Nilionyanyua Dhidi ya Amplifaya Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila nakuonya mapema kwamba sitaki kuambiwa nivumilie, kwa sababu kuvumilia nimeshavumilia na matunda yake ndiyo haya ninayokuandikia.

Mimi ni mwanamke mwenye mume na kazi. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, nakaa siku nzima kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki, nta mezani, plasta kwenye kucha, mashine ya kusagia inanililia sikioni, na Jumapili mchana napiga gitaa kwenye bendi ya muziki wa roki. Najua utacheka, wengi wanacheka, hata daktari wa kliniki alidhani nazungumzia kwaya. Tuko wanne. Kaka mkubwa wa mume wangu, yaani shemeji yangu, ndiye kiongozi na anapiga besi, mume wangu anapiga dramu, na mwimbaji wetu ni muuguzi wa wodi ya wazazi ambaye tunamwita Sindano, si kwa sababu ya kazi yake bali kwa sababu ya mdomo wake. Mazoezi tunafanyia kwenye ghala la magodoro la shemeji, juu ghorofani, magodoro yamepangwa mpaka darini pande zote, kwa hiyo majirani hawatusikii na sisi wenyewe tunasikilizana kwa shida.

Sasa nikueleze kisa chenyewe. Nina amplifaya yangu ya valvu, ile ya mtindo wa zamani yenye chupa ndogo za kioo ndani yake, ukiwasha zinapata moto taratibu na kuwaka rangi ya chungwa. Aliniundia shangazi yangu, dada yake baba, ambaye amekuwa fundi wa redio tangu mimi sijui kufunga kamba za viatu. Aliiunda kutokana na mtambo wa sauti wa jumba la sinema lililofungwa, sanduku lake ni mbao za kitanda cha bibi, mshikio wake ni mkanda wa begi la shule, ina spika moja na wati kumi na tano tu. Sura haina, nakubali. Lakini siku alipomaliza kuiunda tulikuwa kwenye kibanda chake cha ufundi, akaniambia nipige, mimi kwa adabu nikaweka sauti kwenye tatu, akanitazama, akanyoosha mkono akazungusha kile kidude cha sauti mpaka tisa, akasema, "Mwanangu, hii si redio. Redio ukiiongeza inakuwa redio yenye kelele. Hii ukiisukuma inabadilika." Na kweli ilibadilika, nikizigusa nyuzi kidogo inaongea safi, nikizikandamiza inakoroma, na noti moja nikiishika inakaa hewani haitaki kuondoka. Mshauri, nilisikia furaha mpaka nikacheka peke yangu na shangazi akacheka kwa kuwa nacheka.

Tangu siku ile sijaifikisha tisa tena. Nyumbani tunaishi na mama mkwe, chumba chake na chetu vinatenganishwa na ukuta mwembamba, na yeye jioni hulala mapema, kwa hiyo napiga kwenye moja. Ghalani, siku ya kwanza kabisa, shemeji aliniambia, "Shemeji, punguza kidogo tumsikie mwimbaji," nikapunguza mpaka tatu na hapo ndipo imebaki, hakuna aliyeniambia niongeze na mimi sikuomba.

Majuzi tulipata onyesho letu la kwanza la kweli, la watu kulipa kiingilio, kwenye ukumbi ambao si mkubwa, wakibanana sana wataingia mia mbili. Shemeji akapata homa ya ukubwa. Akaleta amplifaya nyingine ya valvu, ya wati mia, aliyoipata kwa bendi iliyovunjika, valvu zake nene kuliko kidole gumba cha mwanamume, na sanduku la spika lenye kimo changu, wanaume watatu walilipandisha ngazi huku wakimtukana aliyezijenga. Sisemi ni chombo kibaya, ni chombo kizuri sana na mtu mwingine angekioa.

Jumapili iliyopita akasema tuzilinganishe kwa haki, na haki yake ilikuwa hivi: zote mbili ziwekwe sakafuni katikati ya magodoro, zote kwenye tatu, mimi nipige peke yangu kipande kilekile, wao wakae wasikilize, halafu kura. Nikapiga yangu, magodoro yakaimeza, ikatoka sauti nyembamba ya mtu anayebisha hodi akiogopa kufunguliwa. Nikahamisha waya nikapiga ile kubwa kwenye tatu ileile, vioo vya dirisha vikatetemeka. Shemeji akasema, "Mnaona sasa. Hii ndiyo roki. Ile ni ya kufundishia watoto." Akanyanyua mkono. Mume wangu akamtazama kaka yake, akanyanyua. Sindano akasema, "Mimi naimba juu ya chochote, mradi nisikie naanzia wapi," akanyanyua. Wote wakanigeukia. Mshauri, sijui niliingiwa na nini, na mimi nikanyanyua mkono, mkono huuhuu ninaokuandikia.

Na shemeji kwa furaha ya ushindi akasema kwa kuwa ile ndogo haina kazi tena, Jumapili ijayo atakuja fundi wake azichomoe zile valvu ndogo, maana hata ile kubwa ina matundu ya valvu ndogo kama hizo, zikae akiba, na transfoma ataikata aone inafaa kwa nini, na lile sanduku tutawekea nyaya. Mbao za kitanda cha bibi yangu, tuwekee nyaya.

Nilikunja waya wangu nikaenda nyumbani na amplifaya yangu mkononi, na Jumatatu asubuhi nikaipeleka kazini nikaificha chini ya benchi, nyuma ya ndoo ya plasta, na huko iko hadi sasa inatazamana na rafu ya meno. Mume wangu akauliza, "Ile amplifaya iko wapi?" Nikasema iko salama. "Kaka anaiulizia." Nikasema mwambie iko salama. Akasema, "Lakini wewe mwenyewe ulinyanyua mkono." Hapo aliniweza. Kisha akaongeza, kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi, "Yule ni kaka mkubwa na ghala ni lake. Wewe piga tu ile kubwa, kwani vidole si vyako?" Na jana shemeji akaleta ujumbe kupitia kwake kwamba Jumapili nije na ile ndogo ifunguliwe, au nisije kabisa, kwa sababu kuna mpiga gitaa mwingine anasubiri kuitwa.

Usidhani mimi ni mtu wa kukurupuka. Wiki hii hii kliniki waliniletea mzee mmoja aliyeyakataa meno niliyomtengenezea kabla hata hajayavaa, ameyaona kwenye trei tu, anasema makubwa, anasema rangi ya chai. Sikubishana naye, nikamwambia, "Baba, meno hayachaguliwi kwenye trei. Yaweke mdomoni, ng'ata, ongea, unicheke hata mimi kama unataka." Akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akaongea maneno mengi tena yote ya kunisifu, akaondoka nayo. Kwa hiyo subira ninayo. Lakini hii ya amplifaya imenifika hapa.

Shangazi hunipigia simu mara kwa mara, na kabla hajauliza afya yangu huuliza, "Bado inalia?" Namjibu inalia, shangazi. Jana alipopiga sikupokea, maana ningemwambia nini.

Swali langu ni hili: nikimkatalia kaka mkubwa wa mume wangu, tena ndani ya ghala lake, nitakuwa nimemkosea adabu yeye na kumdhalilisha mume wangu? Au nipige ile kubwa kwa ajili ya amani na hii yangu niwaachie waichinje? Kubali au kataa, ila amplifaya yangu sitoi, hilo nimeshaamua, nataka tu kujua kama nimeamua vizuri.

Ni mimi, Mpiga Gitaa wa Ghala la Magodoro

JIBU LA MSHAURI

Mpiga Gitaa, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako, mara ya pili nilitaka kukufinya sikio. Kwa hiyo nitakupa pole kwanza, halafu tugombane.

Pole kwa sanduku. Nilipofika pale pa kuwekea nyaya niliweka miwani chini nikanywa maji. Chombo alichokuundia shangazi yako kwa mikono yake si cha kupigiwa kura na mtu yeyote, na shemeji yako aliposema fundi aje akikate alivuka mpaka, hata angekuwa na maghala kumi. Hilo liko wazi na sitalirudia.

Sasa ugomvi. Mwanangu, ulijua. Shangazi alikuonyesha kwa mkono wake kwamba chombo hicho kwenye tatu hakijaamka, ukakiona kinavyobadilika, ukacheka, halafu ukaenda kwenye kura ya maisha yake ukakiweka kwenye tatu. Sakafuni. Katikati ya magodoro. Bila dramu wala besi. Mzee wa meno ulimwambia nini? Ulimwambia hayachaguliwi kwenye trei. Basi wewe amplifaya yako uliiweka kwenye trei mwenyewe, ukarudi nyuma, ukaungana na wanaosema ina rangi ya chai. Bendi yako haikuikataa sauti yako. Bendi yako haijawahi kuisikia.

Usiniambie shemeji alisema punguza. Alisema punguza kidogo, siku moja, ili mwimbaji asikike. Hiyo ni kazi ya kiongozi yeyote. Kubaki hapo tangu siku hiyo ni kazi yako mwenyewe. Mama mkwe amelala, unapunguza. Mwimbaji anaimba, unapunguza. Sasa umefikia mahali wanataka kukuzima kabisa na bado unaniuliza mimi kama una ruhusa ya kukataa. Humo humo umeniambia umeshaamua. Unataka niamue ulichoamua, ili kikiharibika useme mshauri kaniponza. Sitaki. Umeamua vizuri, na uamuzi ni wako.

Tuje kwenye vyombo vyenyewe, na usishangae bibi wa gazetini anajua wati. Mimi niliwahi kuolewa na mpiga gitaa. Ndoa ilikwisha, elimu ya amplifaya ikabaki. Ukilinganisha viwili kwa namba za kidude unajidanganya, kwa sababu tatu ya wati mia si tatu ya wati kumi na tano, na chenye kelele zaidi sikio hukipenda kwanza hata kama ni kibaya. Hiyo haikuwa haki, ilikuwa mashindano ya kupiga kelele. Tena ile kubwa ina ugonjwa ambao shemeji hajaugundua: utamu wake uko mbali sana juu. Kuufikia ndani ya ukumbi wa watu mia mbili ni kuwafukuza hao watu mia mbili. Atakuambia upunguze, unamjua, na utasimama jukwaani na zigo lililobebwa na wanaume watatu likiwa limelala usingizi. Yako ndogo kwenye nane au tisa iko macho na kila kidole chako kinasikika. Isipofika nyuma ya ukumbi, maikrofoni moja mbele ya spika yake inatosha, spika za ukumbi zitaibeba. Siku mkiitwa kupiga uwanjani, azima ile kubwa na umshukuru shemeji kwa moyo wote, maana hapo ndipo nyumbani kwake.

Kuhusu adabu. Shemeji ni mkubwa wako kwenye vikao vya familia, kwenye msiba na kwenye harusi. Mpe kiti, mwamkie, msikilize. Juu ya nyuzi zako hana ukubwa wowote, na kumwambia hivyo kwa sauti ya kawaida si utovu wa adabu. Kuficha amplifaya nyuma ya ndoo ya plasta ndiko kunakofanana na utovu, kwa sababu mwenye haki hajifichi. Itoe huko.

Na wewe mpiga dramu, ambaye nina hakika unausoma ukurasa huu ukimaliza wa michezo: mkeo hakukuomba ugombane na kaka yako. Alitaka umtazame yeye kabla hujanyanyua mkono, wewe ukamtazama kaka. Jumapili mtazame yeye. Vidole ni vyake, ndiyo, na ndiyo maana yeye ndiye atakayesema vinapitia wapi.

Sasa fanya hivi, Mpiga Gitaa. Jumapili fika kabla ya wenzako. Ile ndogo ipandishe juu ya kiti, spika ifike usawa wa masikio, na uisogeze mbali na magodoro. Fundi wa shemeji akiwa yupo, mpe mkono na mwambie chombo hiki kina fundi wake, ni shangazi, na hajastaafu. Usieleze zaidi ya hapo. Kisha waambie kabla ya neno lolote mnapiga wimbo mtakaofungulia onyesho, wote wanne, kama mtakavyopiga ukumbini, na wewe uko kwenye nane. Shemeji akisema punguza, mwambie, "Baada ya wimbo, shemeji," na uendelee kupiga. Sentensi hiyo ifanyie mazoezi kama unavyofanyia wimbo, ndiyo ngumu kuliko zote.

Ukimaliza, chomeka ile kubwa, na hapa mimi nataka haki ya kweli kwa sababu hata yeye anastahili. Ipunguzwe mpaka ukali wa sauti ulingane na wa yako, masikio ya mpiga dramu yaamue, si namba. Pigeni wimbo uleule mara mbili zaidi, kila amplifaya mara moja, kwa zamu mnazozijua nyinyi watatu tu. Sindano aimbe amewapa mgongo, asijue ni ipi imechomekwa, kisha aulizwe ni ipi iliyompa mahali pa kuanzia. Mwenye mdomo wa namna ile hatamwonea mtu haya. Kubwa ikishinda kwa njia hiyo, ipigie siku ya onyesho bila kununa, na yako irudi nyumbani ikiwa nzima, na valvu zake, na transfoma yake, na mkanda wake wa begi. Mkono unaonyanyuliwa baada ya kusikia ni uamuzi. Ule unaonyanyuliwa kwa sababu wengine wamenyanyua ni mazoezi ya viungo.

Na wakikataa hata kusikiliza? Basi waambie yule mpiga gitaa mwingine aitwe, kunja waya wako, shuka ngazi. Utalia, sitakudanganya, na nyumbani chakula kitakuwa kimya kwa muda. Lakini bendi huundwa upya, nimeona nyingi zikiundwa jikoni na watu waliofukuzwa kwingine. Transfoma iliyokatwa na mtu asiyeijua haiungwi. Sidhani mtafika huko, ila nenda ukiwa uko tayari kufika, maana ukienda huku unaogopa kufukuzwa mkono wako utakishusha kile kidude kabla ya mtu kukuambia.

Mpokelee shangazi simu yake. Amplifaya ikisharudi nyumbani, akikuuliza tena kama bado inalia, usimjibu. Mwambie asubiri, weka simu juu ya kiti, washa, zipe valvu muda zipate moto, zungusha mpaka tisa, ndipo upige. Mama mkwe akiamka, mwambie nimekutuma mimi.